Taa za jua, maharage ya mkaa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba, Kihonda bado ina giza, na baridi ni ile ya kumtoa mtu nje kajifunika khanga mbili. Juu ya bati la nyumba yangu paneli mbili za sola zinasubiri jua. Chini ya bati hilohilo, kwenye kibaraza cha uani, shemeji yangu kachuchumaa mbele ya jiko la mkaa analipepea kwa kipande cha boksi. Sufuria kubwa imeinjikwa, wala si ya chai. Ni maji ya kuoga. Watoto wanawahi daladala, na mwezi wa saba hakuna mtoto anayekubali kumwagiwa maji ya tangi. Taa inayomulika shughuli yote hiyo ni ya sola. Moto ni wa mkaa.

Nimepita mbele ya jiko hilo miaka mitatu bila kuliona. Wageni nilikuwa nikiwatambia kwamba hapa kwangu tunatumia nguvu ya jua, na ushahidi nilikuwa nao: taa, televisheni, chaji za simu. Siku mke wangu aliponiuliza kama najua mkaa wa mwezi unakula shilingi ngapi, nikakosa jibu, ndipo nikachukua kalamu.

Kihonda ni mahali pazuri pa kufanyia hesabu za namna hii. Ukiiacha stendi ya Msamvu ukashika njia ya Dodoma, mji wa Morogoro unakufuata kwa viwanda, chuo cha VETA, magodauni, na nyumba ambazo nusu yake bado zinajengwa. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam Juni 2024, inasimama hukuhuku kwetu. Na jua lipo. Mawingu ya Uluguru huegemea mlima wao. Mvua inaweza kuwa inapiga Bigwa na Kigurunyembe huku sisi tunaanika mahindi. Mtu wa mjini akija kututembelea hulalamikia vumbi na jua, kwa mpangilio huo.

Tutumie lugha ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, maana uniti, yaani kilowati-saa moja, kila mtu anaijua. Taa sita za wati 7 zikiwaka saa tano kila usiku hazifikishi robo ya uniti. Televisheni ya wati 60 kwa saa hizohizo ni uniti 0.3. Feni usiku kucha, 0.4. Simu za nyumba nzima hazifikishi 0.1. Friji dogo lisilofunguliwa ovyo ni kama uniti moja kwa siku. Jumlisha yote, unapata uniti mbili hivi.

Sasa maji. Tuko watu sita, na kila mmoja anaoga lita 15, yaani ndoo isiyojaa. Hizo ni lita 90. Alfajiri ya Julai maji ya tangi yana nyuzi 22 au karibu na hapo. Mwogaji anayataka yafike 40. Kuzipandisha lita 90 kwa nyuzi 18 kunadai uniti 1.9, hata ukipata chombo kisichopoteza joto hata chembe. Kuoga kwa asubuhi moja kumekula sawa na taa, televisheni, feni, simu na friji kwa siku nzima.

Na hapo hatujapika. Koili ya wati 1,000 ikikaa na maharage saa mbili na nusu imetafuna uniti mbili na nusu. Bado pasi ya sare za shule, bado birika la umeme la mgeni mmoja anayependa chai kila baada ya dakika arobaini.

Mwanga, kwa hiyo, tumeshaumudu. Kinachoila nyumba ni joto. Paneli zangu mbili za wati 300, siku ya jua zuri, zinaniachia karibu uniti mbili baada ya kutoa kinachopotea njiani kwenye waya, betri na inveta. Zinaitosheleza orodha ya kwanza. Orodha ya pili hazithubutu hata kuisogelea, na orodha ya pili ndiyo inayobeba gunia la mkaa.

Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi wa nishati jadidifu unaotufikia umeandikwa kwa ajili ya watu wa baridi. (Neno lenyewe, jadidifu, limetoka kwenye nyaraka za serikali, Kihonda tunasema sola na basi.) Katika nchi za Umoja wa Ulaya zaidi ya nusu ya nishati inayotumika majumbani huenda kupasha vyumba, na ndiyo maana wenzetu wanazungumzia kuta nene, madirisha ya vioo viwili na mashine za kuvuna joto kutoka hewani. Mtu wa Kihonda chumba chake anatafuta namna ya kukipoza. Joto analolinunua linakaa kwenye sufuria na kwenye ndoo.

Lakini kabla sijafika kwenye ndoo, nikiri makosa yangu ya bati, maana naona majirani wanayarudia.

Sola yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Paneli ya wati 100, inveta yenye vitaa vingi vya rangi, na betri ya N100 ambayo muuzaji aliipigapiga mgongoni kama ng'ombe wa mnadani. Miezi tisa baadaye taa zilikuwa zinazimika saa mbili usiku, taarifa ya habari haijaisha. Akaja fundi, kijana mpole aliyejifunzia kazi chuoni, akaitazama betri kabla hajaigusa.

"Mzee, hii ni betri ya lori."

Nikamwambia lori nalo linatumia umeme.

"Linautumia sekunde chache wakati wa kuwaka, Mzee. Baada ya hapo altaneta inairudishia chaji safari nzima. Wewe unainyonya usiku kucha, asubuhi unairudishia kidogo, jioni unainyonya tena."

Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi ndani yake, zimetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa mkupuo. Ukiitumia polepole hadi chini kila siku, sahani zinaoza. Hata betri ya risasi iliyotengenezwa kwa sola haipendi kushushwa chini ya nusu: ile ya volti 12 na ampia-saa 100 ina uniti 1.2 kwenye karatasi, lakini yako ni 0.6, nyingine ni ya betri yenyewe. Betri za lithiamu zinavumilia kushushwa karibu hadi mwisho, tena maelfu ya mara, na ndiyo sababu bei yake inayotisha dukani inaweza kuwa ndogo ukiigawa kwa miaka. Niliambiwa hayo nikiwa nimeshalipa.

Kisha kijana akapanda juu, akacheka peke yake. Paneli nilikuwa nimeigeuzia mlimani. Niliona ni heshima, nadhani; Uluguru ndiyo inayotazamwa na kila nyumba. Kumbe Morogoro iko kusini ya ikweta kwa nyuzi karibu 7, na jua hutupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, yaani miezi yote ya mawingu ya masika na ile ya baridi ambapo kila miale ina thamani, jua la mchana liko kaskazini. Mwezi Juni saa sita mchana limeinama nyuzi 30 upande huo. Kanuni ya fundi wetu haihitaji dira: ukiwa Kihonda, mgongo wa paneli uupe mlima, uso uutazamishe upande wa Dakawa, yaani kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 unatosha, na faida yake kubwa ni mvua kuteremka na vumbi.

Kosa la tatu lilikuwa la mwembe. Tawi moja lilitupa kivuli kwenye kona ya paneli kuanzia saa tisa alasiri, nami nikaona kona tu, kuna shida gani. Vijisahani vya paneli vimeunganishwa kwa mnyororo, kimoja baada ya kingine. Kivuli kwenye vichache kinakaba umeme wa sehemu kubwa ya paneli, mithili ya mtu aliyekanyaga mpira wa maji.

La nne ni imani, na hiyo haikuwa yangu peke yangu: kwamba jua likichoma zaidi, umeme unaongezeka. Paneli inataka mwanga, joto inalichukia. Wati zilizoandikwa mgongoni mwake zilipimwa ikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Kihonda mwezi Desemba paneli inaweza kufika nyuzi 65, na kila nyuzi inayozidi inakata kiasi cha asilimia 0.4 ya nguvu. Piga hesabu, unapoteza karibu moja ya sita. Dawa yake ni kuiinua paneli kidogo juu ya bati upepo upite chini, na upepo ni kitu ambacho Kihonda haijawahi kupungukiwa.

Sasa turudi kwenye ndoo.

Kila nyumba ya Kihonda yenye simtanki nyeusi juu ya mnara tayari ina hita ya jua, ila haijui. Fungua bomba saa nane mchana mwezi wa kumi na moja, maji yatakurusha. Bahati mbaya ni kwamba saa nane hakuna anayetaka kuoga maji ya moto, na alfajiri anapoyataka tangi limeshapoa. Hita ya maji ya jua ni simtanki iliyofundishwa mambo mawili: kunasa joto haraka na kulitunza hadi kesho yake.

Unanasa kwa bapa la chuma lililopakwa rangi nyeusi chini ya kioo, likiwa na vibomba vya maji ndani, au kwa mirija ya vioo ya tabaka mbili zilizoondolewa hewa katikati. Unatunza kwa tangi lililovikwa koti nene la sponji ngumu, lililowekwa juu kidogo ya bapa. Hakuna pampu wala waya. Maji yanayopata moto huwa mepesi, yanapanda yenyewe kwenye tangi. Ya baridi huzama na kuchukua nafasi yake, mzunguko unaendelea hadi jua litue. Mtu yeyote aliyewahi kuangalia uji unavyojizungusha sufuriani ameshaliona jambo hili.

Kwa nini nisitumie paneli zangu kuendesha hita ya kawaida? Kwa sababu ni njia ya mzunguko. Mita moja ya mraba ya bati letu inapokea jua la uniti 5 hivi kwa siku. Paneli nzuri inageuza moja ya tano ya jua hilo kuwa umeme, ambao nao utapungua ukipita kwenye betri na inveta ndipo ufike kuwa joto tena. Hita ya jua inachukua nusu au zaidi ya jua hilohilo na kuliweka majini moja kwa moja. Kama unachotaka ni joto, chukua joto.

Wengi waliochoka na mkaa wamekimbilia hita ndogo za umeme zinazofungwa kwenye kichwa cha bomba la mvua. Zinapendeza na ni rahisi kufunga. Lakini hita ya wati 5,000 kwa dakika kumi inakula uniti 0.83, na kwa bei ya kawaida ya majumbani, Sh356 kwa uniti pamoja na tozo na kodi, mtu mmoja ameoga kwa karibu Sh300. Watu sita kwa mwezi ni zaidi ya Sh53,000, kabla ya kugusa swichi nyingine yoyote. Hita ya jua inauma siku ya kuinunua, kisha inanyamaza.

Haikosi ila zake. Maji ya visima vingi huku kwetu yana chumvi, na chumvi hujenga ukoko ndani ya vibomba vya hita kama ule wa kwenye birika; mwenye kisima atafute aina ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye mirija, au ajiandae kusafisha. Mgao wa maji nao ni tatizo: mirija iliyokauka ikichomwa na jua mchana kutwa, kisha maji ya baridi yakaingia ghafla, vioo vinaweza kupasuka. Na katikati ya masika kuna siku mbili tatu za mfululizo ambazo jua halionekani kabisa. Siku hizo jiko linapepewa kama zamani.

Kenya walijaribu kulifanya jambo hili liwe sheria. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lipate walau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwenye jua, na majengo yaliyokwishajengwa yakapewa miaka mitano ya kujirekebisha. Sina hakika kama ningependa kuona mkaguzi akipanda kwenye bati langu. Ila ningependa mchora ramani wa nyumba aache bomba moja la ziada kutoka darini hadi bafuni wakati ukuta bado haujapigwa lipu. Kupasua ukuta baadaye kumewakatisha tamaa wengi kuliko bei ya hita.

Upande wa jiko mambo yamefungamana zaidi, na hapa inabidi kuutazama umeme wa LUKU wenyewe. Mtu anayenunua sola huzungumza kana kwamba TANESCO ni kitu kichafu na bati lake ndilo safi. Lakini mkoa wa Morogoro ndio unaobeba sehemu kubwa ya maji yanayoizungushia nchi umeme. Kidatu ina megawati 204, Kihansi 180, na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, mpakani mwa Morogoro na Pwani, lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Mashine ya kwanza iliwashwa Februari 2024, na kwa bwawa hilo zaidi ya nusu ya uwezo wa mitambo ya nchi sasa ni wa maji. Uniti unayoiingiza kwenye mita Kihonda, kwa kiasi kikubwa, ni mto.

Watu huchanganya hapa, kwa hiyo niseme: si mito ya Uluguru. Maji ya Uluguru yanateremka kwenda Ruvu, yanaishia kwenye mabomba ya Dar es Salaam; Ngerengere inajaza bwawa la Mindu tunalokunywa sisi. Kidatu inalishwa na Ruaha Mkuu, kutoka mbali kabisa, Mbeya na Iringa. Wala umeme wa maji hauna mikono mitupu. Maporomoko ya Kihansi yalipopunguziwa maji mwaka 2000, vyura wadogo walioishi kwenye manyunyu yake tu, na si kwingine kokote duniani, walitoweka porini; waliosalia walilelewa kwenye bustani za wanyama za Marekani kabla ya kurudishwa nchini mwaka 2010.

Kuutegemea umeme huo kunataka moyo. Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, tunapika kwa kuviziana na swichi. Machi 2024, mvua zikiwa zimenyesha na Rufiji imewashwa, TANESCO ikatangaza kuzima baadhi ya mitambo kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Na tarehe 1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ikapata hitilafu, nchi ikalala gizani. Yote hayo ndani ya msimu mmoja. Ndiyo maana simlaumu mtu anayebaki na gunia la mkaa stoo. Mkaa haukatiki saa moja jioni.

Kuna kikwazo kingine ambacho wahubiri wa kupikia umeme hawakitaji. Kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 analipa Sh100 kwa kila uniti kati ya zile 75 za mwanzo wa mwezi, kabla ya kodi. Uniti ya sabini na sita inaruka hadi Sh350. Nyumba ya taa na televisheni inaishi vizuri chini ya 75. Nyumba hiyohiyo ikianza kupika na kupasha maji kwa umeme imevuka mstari kabla ya tarehe kumi na tano, na mama wa nyumba, ambaye hajasoma kanuni yoyote ya EWURA, mdhibiti wa bei hizo, anajua kabisa kwamba tangu wanunue koili uniti zinaisha upesi. Anaifunga koili kabatini. Ana akili timamu.

Kilichobadilisha hesabu kwetu ni presha ya umeme. Ni sufuria yenye koti, mfuniko unaobana, na swichi inayojizima. Maharage yanayodai uniti mbili na nusu kwenye koili yanaiva kwa nusu uniti au pungufu, kwa sababu mvuke unabanwa ndani, maji yanachemka kwa joto kubwa zaidi, na sehemu kubwa ya muda mashine imezima huku chakula kikiendelea kuiva. Nusu uniti ni Sh180 hivi. TaTEDO, shirika la Kitanzania lililoanza shughuli za nishati mwaka 1990, limekuwa likizinadi na kuzipima jikoni kwa watu, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi ifikapo 2034. Mke wangu hakusubiri mkakati. Aliiona kwa dada yake, akaipigia hesabu ya mkaa wa maharage na makande, akaninyang'anya fedha nilizokuwa nimetenga kwa betri ya pili.

Amekuwa sahihi. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema hilo kwa ufahari zaidi, sikuipata.

Hata hivyo neno safi na neno jadidifu si ndugu wa tumbo moja, na nadhani tumelegea katika kuyatofautisha. Gesi ya mtungi ni safi kwa macho na mapafu ya mpishi, lakini imechimbwa ardhini kama mafuta ya taa, ikiisha imeisha. Mkaa, kwa upande mwingine, unaua mapafu lakini mti unaweza kuota tena. Wilayani Kilosa, tangu 2012, kulikuwa na mradi wa mkaa endelevu ulioshirikisha shirika la uhifadhi la TFCG na mtandao wa MJUMITA: kijiji kinatenga kipande cha miombo, kinakigawa vitalu, na kitalu kilichovunwa kinaachwa kichipue kwenye visiki kwa mzunguko wa miaka 24, ushuru ukibaki kijijini. Kwa maana ya kitabu huo ni jadidifu kuliko gesi. Gunia linaloletwa kwangu kwenye pikipiki saa nne usiku halina habari na visiki wala vitalu.

Ng'ombe je? Kihonda bado ina mabanda uani, na kila miezi michache mtu huniuliza kuhusu biogesi. Tanzania iliianza zamani: SIDO walijenga mitambo ya kwanza mwaka 1975, wakafuata CAMARTEC wa Arusha na kuba zao za matofali zinazofukiwa ardhini, na watafiti wa SUA hapa Morogoro, miaka ya tisini, wakahangaika na mtambo wa bei nafuu wa mfuko mrefu wa plastiki uliolazwa kwenye handaki. Kilo 25 za kinyesi kila siku, ambazo ng'ombe wawili wa bandani wanazitoa bila kusukumwa, zikichanganywa na maji kiasi hichohicho, zinatoa gesi ya kupikia kwa saa mbili na nusu hivi. Tatizo la Kihonda liko kwenye hayo maji kiasi hichohicho. Nyumba inayonunua maji ya boza haiwezi kumimina ndoo nzima na zaidi kwenye kinyesi kila asubuhi na moyo ukatulia. Jirani yangu mmoja anafuga nguruwe, naye gesi anayo tele. Akajitolea kuvuta bomba hadi jikoni kwa Hajjati wa nyumba ya pili. Hajjati alimshukuru sana, akasema mkaa unamtosha.

Mwaka jana nilipanda Mgeta, huko juu Uluguru, nikalala Nyandira. Huko ndiko nilikoelewa maana ya nyumba kupashwa moto, maana usiku pumzi inaonekana. Mama mwenyeji alinikalisha karibu na mafiga, juu yetu mahindi ya mbegu yakining'inia darini, meusi kwa moshi. Nilianza kumweleza habari za biogesi, kwamba anafuga, maji ya mserereko yanapita mlangoni, kuni ni mzigo. Alinisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza: "Hiyo gesi yako, baba, inafukiza mahindi?"

Haifukizi. Wala haipashi ukuta, wala haikaushi nguo za watoto. Moto mmoja wa mafiga unafanya kazi nne, na sisi tunaotoka bondeni tunapita tukiahidi kuuondoa kwa kifaa kinachofanya moja. Isitoshe, baridi ya Mgeta ni adui wa vijidudu vinavyotengeneza gesi. Mtambo unaotoa vizuri Kihonda utazubaa kule juu, na usipofukiwa vizuri utazubaa zaidi. Sikuwa na jibu. Nilikula viazi vyangu, nikalala karibu na moto.

Kwetu Kihonda hali sasa ni hii. Hita ya jua ya lita 150 iko juu ya bati, uso umetazama Dakawa, na watoto wanaoga maji ya moto alfajiri ya Julai bila mtu kuchuchumaa kibarazani. Maharage, makande na nyama ni presha. Taa na televisheni ni paneli zilezile mbili, na betri moja ya lithiamu iliyonichelewesha kununua viatu. Ugali ni gesi ya mtungi, kwa sababu presha haisongwi, na atakayesema vinginevyo namkaribisha aje aoneshe. Chapati za Ijumaa, mishikaki, na siku mama mkwe anapokuja, ni mkaa.

Mkaa huo tunaununua kwa mama mmoja mwenye kibanda pembeni ya barabara ya vumbi, karibu na fundi pancha. Zamani tulichukua gunia, siku hizi tunachukua kwa ndoo. Juzi jioni nilimkuta anapanga mafungu yake ya mwisho. Aliuliza kama tumehama, maana hatuonekani. Nikamweleza habari za presha na hita. Akaitikia kwa adabu, akaendelea kupanga. Juu ya kichwa chake, imefungwa kwenye mti wa kibanda kwa mpira wa baiskeli, inawaka taa ya sola, ile unayoilipia kidogo kidogo kwa simu, na kapaneli kake kako juu ya bati, ukubwa wa daftari.

"Hii imenisaidia sana," alisema, akiinua uso kuitazama. "Zamani giza likiingia nilikuwa nafunga. Sasa nauza mpaka saa nne."

Akanipimia ndoo yangu, akaijaza kwa kilele, akaniongezea vipande viwili juu.